Hati ya Kughushi na Bia ya Kweli

Kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, upo mji mdogo uitwao Freising, yapata kilomita 35 kaskazini ya Munich. Pembezoni mwa mji huo kuna kilima, na juu ya kilima hicho kuna kiwanda cha bia kiitwacho Weihenstephan. Wenyewe hujitangaza kuwa ndicho kiwanda kikongwe kuliko vyote duniani ambacho bado kinapika bia, nao hutaja mwaka 1040 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwake. Ili msomaji wa kwetu aupime ukale huo, na akumbuke msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, ambao ni miongoni mwa majengo ya zamani sana katika pwani yetu. Maandishi yake yanataja mwaka 1107. Ikiwa madai ya Weihenstephan ni sahihi, basi maandishi hayo yalipochongwa wamonaki wa kilima kile walikuwa wamekwisha pika na kuuza bia kwa zaidi ya nusu karne.

Nasema "ikiwa" kwa sababu madai hayo yana kasoro. Mwaka 1040 unatokana na hati inayosema kwamba Abate Arnold alipewa ruhusa na mji wa Freising ya kupika bia na kuiuza. Wanahistoria wa Ujerumani wamekwisha ichunguza hati hiyo, na kwa jumla wanaiona kuwa ya kughushi, kazi ya karne ya 17. Kwa maneno mengine, cheti cha kuzaliwa cha kiwanda hiki kikongwe kiliandikwa miaka mia sita hivi baada ya tarehe iliyomo.

Mtu aliyetumia umri wake katika chuo cha ualimu hawezi kulisoma jambo hilo akalipita hivi hivi. Sisi tumeishi na vyeti. Tumevipokea, tumevikagua, tumevitia sahihi. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, ambapo watumishi wa umma zaidi ya 9,900 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kwa hiyo nilijiuliza: kiwanda chenye cheti cha kughushi tukihesabu vipi? Je, tukifute katika orodha ya wakongwe, au tuitazame kazi yake kwanza?

Tuanze na yale ambayo hayategemei hati hiyo. Kadiri ya mapokeo ya Kanisa la huko, Mtakatifu Korbinian alifika Freising mnamo mwaka 725 na wenzake kumi na wawili, wakaanzisha makao ya watawa juu ya kilima. Kuna hadithi ipendwayo sana kwamba alipokuwa njiani kwenda Roma dubu alimuua farasi wake wa mizigo, naye akamwamuru dubu huyo abebe mizigo mpaka mwisho wa safari. Dubu huyo mpaka leo yumo katika nembo ya mji wa Freising. Alikuwamo pia katika nembo ya Papa Benedikto wa 16, ambaye kabla ya kwenda Roma alikuwa Askofu Mkuu wa Munich na Freising tangu 1977 hadi 1982.

Katika karne ya 11 monasteri ikawa ya Wabenediktini. Hao si wageni kwetu. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, ambao chimbuko lao ni Bavaria hiyo hiyo, walifika Pugu mwaka 1888, wakafungua Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Aliyewahi kufika katika mojawapo ya abasia hizo anaijua desturi yao ya sala na kazi: karakana, shamba, bustani, vyote vinaendeshwa na watawa pamoja na watu waliowafundisha. Katika Ulaya ya zamani kupika bia kulikuwa kazi mojawapo ya namna hiyo. Watawa walijitegemea kwa chakula na kinywaji, walipokea wageni na wasafiri, na wakati wa mfungo, walipopunguza chakula, bia iliwatia nguvu.

Historia ya kilima hicho haikuwa shwari. Mwaka 955 Wahungaria waliteketeza monasteri. Simulizi za kiwanda chenyewe zinaeleza kwamba kati ya mwaka 1085 na 1463 iliungua kabisa mara nne, na kwamba tauni, njaa na tetemeko la ardhi pia vilipita hapo. Kila mara waliosalia walianza upya. Hapo ndipo inapofaa kukumbuka jinsi haki zilivyolindwa zama hizo. Monasteri nyingi za Ulaya zilikuwa na haki zilizotokana na mazoea ya muda mrefu, lakini hati zake zilikuwa zimeungua, zimeliwa na panya, au hazikuwahi kuandikwa. Adui alipotokea na kudai ushahidi, watawa wengi waliandika hati mpya na kuipa tarehe ya zamani. Silitetei jambo hilo. Uongo ni uongo hata ukiandikwa kwa Kilatini. Lakini iko tofauti kati ya mtu anayeghushi cheti ili apate kazi asiyoiweza, na mtu anayeghushi cheti cha kazi anayoifanya kila siku, tena ambayo babu zake waliifanya.

Mnamo tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, watawala wa Bavaria walitoa amri mashuhuri kwamba bia isitiwe kitu kingine ila shayiri, hopsi na maji. Hopsi ni mmea wenye kutambaa ambao maua yake huipa bia uchungu na kuisaidia isiharibike upesi. Watu huisifu amri hiyo kwa ajili ya usafi, lakini sehemu yake kubwa ilihusu bei: kutoka sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli hadi ya Mtakatifu George bia isizidi pfennig moja kwa kipimo, na miezi mingine isizidi pfennig mbili. Linalonivutia mimi zaidi ni kitu kisichotajwa. Hamira haimo. Wapishi wa bia waliitumia kila siku, walichota povu au masimbi ya pipa moja wakatia katika jingine, lakini hakuna aliyejua kwamba ni kiumbe hai. Ilibidi kusubiri hadi karne ya 19. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake juu ya bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Denmark, alifaulu kuotesha hamira safi kutokana na seli moja tu. Maana yake ni kwamba kwa karne nyingi maarifa yaliyo muhimu kuliko yote katika kazi hii yalikaa mikononi na puani mwa watu, wala hayakuwa katika maandishi yoyote.

Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizifunga monasteri na kutwaa mali zao. Wamonaki wa Weihenstephan walitawanyika. Kiwanda hakikufungwa; kiliingia mikononi mwa serikali, na mpaka leo ni mali ya Jimbo la Bavaria.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote. Mwaka 1852 shule kuu ya kilimo ya Bavaria ilihamishwa kutoka Schleissheim ikaletwa juu ya kilima kile. Pamoja na kilimo, vijana walifundishwa upishi wa bia. Mwaka 1895 shule ilipandishwa ikawa akademia ya kilimo na upishi wa bia, na mwaka 1930 ikaunganishwa na Chuo cha Ufundi cha Munich, ambacho leo ni Chuo Kikuu. Kwa zaidi ya karne moja sasa, vijana kutoka pande nyingi za dunia wamekwenda huko kujifunza kazi ambayo zamani ilipitishwa kwa minong'ono kutoka kwa bwana hadi kwa msaidizi wake. Tena huko hutunzwa mbegu za hamira, nazo hupelekwa kwa wapishi wa nchi nyingine. Mbegu moja, iitwayo 34/70, ni miongoni mwa hamira zinazotumika sana duniani kwa bia za kuchachushwa katika baridi. Wengi wamekwisha kunywa kazi ya Weihenstephan bila kulisikia jina hilo.

Mgeni anayepanda kilima leo hutembezwa kwa utaratibu. Huonyeshwa jumba la makumbusho, mitambo ya kupikia, na ghala za chini kwa chini ambamo bia hukaa katika baridi ikiiva. Hueleza waongozaji jinsi shayiri inavyoloweshwa ikaota na kuwa kimea, jinsi kimea kinavyosagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili wanga ugeuke sukari, jinsi maji hayo matamu yanavyochujwa na kuchemshwa pamoja na hopsi, na jinsi hamira inavyoila sukari na kutoa kileo na hewa ya povu. Mwisho mgeni huonja.

Maelezo hayo, ndugu msomaji, hayakuwa mageni kwangu. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na bibi yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa mbege. Naye aliloweka ulezi, akaufunika mpaka ukaota, akauanika na kuusaga. Neno alilolitumia kwa Kiswahili ni hilo hilo, kimea. Ndizi mbivu alizichemsha kwa saa nyingi, akaziacha zichachuke kwa siku kadhaa, akachuja, kisha akachanganya na uji wa kimea. Wenzetu wana hopsi. Yeye alikuwa na msesewe, gamba la mti lenye uchungu mkali, ambalo hutiwa kwa kipimo ili utamu wa ndizi usizidi. Hakuwa na kipimajoto. Alichukua punje chache za ulezi ulioota, akazitafuna, akasema "bado" au "tayari". Baadaye nilisoma kwamba mafundi wa kimea wa Ulaya nao hutafuna punje kwa namna hiyo hiyo.

Sasa tazama tofauti. Hakuna hati ya mwaka 1040 ya mbege, wala ya kughushi. Lakini mbege ilikuwapo katika posa na arusi, katika matambiko, na wazee walipoketi kusuluhisha kesi. Kata moja ilizungushwa, na aliyekataa kuipokea kutoka kwa mwenzake alikuwa ametangaza kwamba ugomvi haujaisha. Urithi ulikuwapo. Kilichokosekana ni shule.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewaandaa walimu. Nimesikia wanafunzi wa biolojia wakikariri kwamba hamira hugeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kaboni, wakachora chombo cha kioo na mrija wake, wakapata alama zote, wasiambiwe hata siku moja kwamba jikoni kwa bibi zao kuna somo zima la uchachushaji. Mtihani hauliulizi, basi mwalimu halifundishi. Na bibi anapofariki, ujuzi wake hauna pa kubaki. Mwanawe anajua kuinunua mbege kilabuni, mjukuu wake anajua kuitazama watalii wakionjeshwa, lakini anayeweza kutafuna ulezi na kusema "bado" anazidi kuwa adimu.

Najua wapo wasomaji ambao dini zao zinakataza pombe, nami nawaheshimu. Najua pia madhara yake, kwa maana nimewahi kuwatafuta walimu vilabuni siku ya kazi, na nimeona mishahara ikiishia huko huku watoto wakikosa madaftari. Siandiki kuwashawishi watu wanywe. Naandika juu ya ujuzi. Somo la kimea linamfaa pia mwoka mkate, mpika togwa na mwuguzi anayemfundisha mama kulainisha uji wa mtoto.

Basi nikirudi kwenye swali langu juu ya cheti: kwa hukumu yangu, mwaka 1040 ufutwe katika vitabu vya historia, na Weihenstephan ibaki katika orodha ya wakongwe, ila kwa sababu nyingine. Majengo yake yameungua na kujengwa upya, wamonaki wake wamekwenda, hati yake haiaminiki. Kilichovuka karne hizo zote ni kazi iliyofunzwa na mtu kwa mtu, mpaka likaja kujengwa darasa kando ya jiko. Na darasa halihitaji miaka elfu. Mwalimu wa Rombo, Kibosho au Machame anaweza kuanza muhula ujao, kwa kumwalika bibi mmoja aje na ungo wa ulezi, na kuwaambia wanafunzi wachukue kalamu.