Ufugaji wa kondoo katika eneo la Mlima Meru

Ufugaji wa kondoo katika eneo la Mlima Meru ni sehemu ya maisha ya wakazi wa Arusha na wilaya za jirani, kaskazini mwa Tanzania. Wafugaji wake wakuu ni Waarusha, Wameru na Wamaasai. Kondoo hufugwa kwa ajili ya nyama, mafuta, ngozi na fedha za dharura. Huchinjwa pia katika mila mbalimbali, na mafuta yake hupewa mwanamke aliyejifungua.

Mazingira

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua nyingi. Huko kuna migomba, kahawa na mahindi, na mashamba ni madogo. Upande wa kaskazini na magharibi, kuelekea Oldonyo Sambu, Longido na Monduli, ni mkavu zaidi na una malisho ya wazi. Masika ni kati ya Machi na Mei, na vuli huanza mnamo Novemba. Hairuhusiwi kuchunga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Aina za kondoo

Kondoo wa asili ni Kondoo Mwekundu wa Kimaasai, mwenye rangi ya kahawia-nyekundu, manyoya mafupi na mkia wa mafuta. Anastahimili ukame na minyoo kuliko aina nyingi za kigeni. Dorper, aina iliyozalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, hukua haraka na kuwa na uzito mkubwa, kwa hiyo wafugaji wengi huwachanganya. Machotara huuzwa kwa bei nzuri, lakini huhitaji dawa na malisho zaidi. Madume ya asili yakiachwa kabisa, ustahimilivu huo hupotea katika kundi.

Malisho

Miteremkoni kondoo hufungwa kamba au huwekwa bandani na kukatiwa majani ya tembo, mabua ya mahindi na majani ya migomba. Katika nyanda kavu huchungwa pamoja na mbuzi. Wamaasai hutenga sehemu iitwayo alalili, ambayo hufungwa wakati wa mvua ili nyasi zitumike kiangazi. Kondoo hula nyasi karibu kabisa na ardhi. Wakikaa mahali pamoja muda mrefu, udongo hubaki wazi na kumomonyoka.

Uzazi

Mimba ya kondoo huchukua takriban miezi 5. Baadhi ya wafugaji humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande majike, kisha hukifungua kwa wakati utakaowezesha wanakondoo kuzaliwa nyasi zikiwa nyingi.

Afya ya kundi

Mnyoo wa tumbo Haemonchus contortus hufyonza damu. Dalili zake ni weupe ndani ya kope na uvimbe chini ya taya. Viluwiluwi vyake hupanda kwenye nyasi zenye unyevu, hivyo ni bora kuchunga baada ya umande kukauka na kubadilisha malisho. Kutibu tu kondoo wenye dalili hupunguza usugu wa minyoo kwa dawa.

Ugonjwa ambao Wamaasai huuita ormilo husababishwa na tegu wa mbwa, Taenia multiceps. Kondoo humeza mayai yaliyomo katika kinyesi cha mbwa, na uvimbe wenye maji huota katika ubongo wake. Huzunguka mahali pamoja, hujitenga na kundi, na mwisho hufa. Mara nyingi mgonjwa huchinjwa ili nyama isipotee, na kichwa hutupiwa mbwa. Hapo mzunguko huanza upya. Kinga ni kuchoma au kufukia kichwa na kuwapa mbwa dawa ya minyoo.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, katika Wilaya ya Ngorongoro. Huleta homa, vidonda mdomoni na kuhara. Virusi vyake havina tiba, lakini chanjo hukinga kwa miaka kadhaa.