Mkutano Kabla ya Vigingi

Kwa miaka mingi nimeandika mihtasari ya mikutano mikuu, nikiwa mtendaji wa kijiji upande wa Kishapu. Kila ramani ya matumizi ya ardhi inapobandikwa ukutani pale shuleni, wazee huuliza kwanza: imeshapitishwa, au mmetuletea tuijadili? Wana sababu ya kuuliza.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kuiendeleza Usukuma, makao yake Malya. Walihesabu watu na ng'ombe, wakaona nchi imejaa, wakataka familia zihamie Geita, ambako pori lilifyekwa kufukuza mbung'o. Wengi walikwenda wenyewe, maana huko ardhi ya pamba ilikuwa tele. Kilichowachoma ni masharti: kulima matuta kama ulivyoamriwa, kupunguza mifugo, na faini kwa asiyetii. Serikali ilipowawekea Geita halmashauri ya mchanganyiko, yenye Waafrika, Wazungu na Waasia, bila ridhaa yao, wakakataa. Mwaka 1958 umati ulifika hadi Mwanza kudai usikilizwe, na halmashauri ile haikudumu.

Uhuru ulipokuja tulitegemea mengine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka 1974 Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ikatufikia Shinyanga. Juma Mwapachu, aliyekuwa mmoja wa viongozi walioisimamia huku, aliandika miaka miwili baadaye kwamba haikuwa kazi ya kushawishi, ilikuwa ya kulazimisha. Marehemu baba alinisimulia jinsi kamba ilivyovutwa kandokando ya barabara, vigingi vikachomekwa, kila kaya ikaonyeshwa kigingi chake. Hakuna aliyemwuliza ng'ombe watalishwa wapi.

Hapo ndipo palipouma. Msukuma alikuwa na ngitili yake karibu na boma: eneo lililofungwa mvua zikianza, nyasi zikakua, likafunguliwa kiangazi kikikaza, ndama na mifugo dhaifu wakitangulia. Ukimhamisha mtu mbali na ngitili, hawezi kuilinda. Nyingi zililishwa na kukatwa kuni zikaisha, na ardhi ambayo tayari ilikuwa imechoka kwa pamba na kwa ufyekaji wa zamani wa pori la mbung'o ikabaki wazi. Shule na zahanati tulipata, na mimi mwenyewe nimesomea shule ya Operesheni, nashukuru. Lakini mchoraji wa kijiji kile angekaa na wazee jioni moja tu, angechora vingine.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walikuja na miche yao kutoka vitaluni. Waliposikiliza, wakakuta wazee wanajua tayari dawa: funga eneo, visiki vitachipua vyenyewe. Mipaka ikakubaliwa kwenye mikutano ya kijiji na kwenye dagashida, baraza letu la jadi, na sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakasaidia kulinda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizorudi zilizidi hekta 300,000. Hakuna amri iliyowahi kutuletea matokeo ya namna hiyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu, yaani kila mkazi mtu mzima, mamlaka ya kuidhinisha au kukataa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Nimeona nguvu yake. Kamati yetu ilileta mchoro wenye viwanja vipya vya makazi, na mama mmoja, muuza maziwa, akasimama, akaomba kalamu, akaonyesha kwamba viwanja vinakata njia ya mifugo kwenda lambo. "Mwenyekiti, mvua zikikatika tutawapitisha wapi, sebuleni kwa mtu?" Mkutano ukavikataa viwanja vile. Nikaandika kwenye daftari: mchoro urudi kwenye kamati, njia ipimwe kwanza, makazi yafuate. Ulipoletwa tena, viwanja vilikuwa vimesogezwa upande wa pili wa barabara, na safari hiyo mikono iliyonyooshwa ilitosha kuupitisha.