Usumaku wa ubongo na niobiamu ya Kivu

Mtu wa Bukavu akisikia koltani hufikiria tantalamu, simu na vita. Ndani ya mwamba huohuo mna ndugu yake, niobiamu. Ukipanda kaskazini hadi Lueshe, upande wa Rutshuru, kuna mgodi ulioanza kuchimbwa miaka ya 1980 kwa ajili ya niobiamu hasa. Bila madini hayo, mashine ya kupima usumaku wa ubongo pengine ingechelewa sana.

Seli za ubongo zikipashana habari hutoa umeme kidogo. Mjerumani Hans Berger aliunasa kichwani mwa binadamu mwaka 1924, akatangaza mwaka 1929. Wenzake wengi hawakumsadiki. Umeme unapopita huzaa usumaku, lakini usumaku wa ubongo ni dhaifu kuliko wa dunia kwa zaidi ya mara milioni mia moja. Gari likipita barabarani tu, vipimo vimeharibika.

Mwaka 1968, huko Illinois, Marekani, mwanafizikia David Cohen aliunasa usumaku huo kwa koili ya shaba. Alichopata kilikuwa hafifu mno, karibu cha kubahatisha. Alipohamia chuo cha MIT alijenga chumba chenye kuta za kuzuia usumaku wa nje, kisha akatumia kinasio kipya cha James Zimmerman, kilichotengenezwa kwa niobiamu. Mwaka 1972 mawimbi ya ubongo yakaonekana waziwazi. Kinasio hicho, hata hivyo, hakifanyi kazi mpaka kizamishwe katika heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndiyo maana mashine hizi zilikuwa mitungi mikubwa isiyosogea, ya mamilioni ya dola, na mgonjwa hakuruhusiwa kutikisa kichwa. Mtoto wa miaka mitatu utamwambiaje hayo?

Jibu lilikuja mwaka 2018. Watafiti wa Nottingham na London walionyesha kofia yenye vinasio vidogo vya mvuke wa rubidiamu unaomulikwa kwa leza. Heliamu haihitajiki tena. Aliyeivaa alikunywa chai na kudundisha kimpira huku ubongo wake ukipimwa. Chumba cha kuzuia usumaku bado kinahitajika, na bei bado si ya kwetu.

Kazi kubwa ya kipimo hiki hospitalini ni kuonyesha kifafa kinaanzia wapi ubongoni kabla ya upasuaji. Na kifafa tunakijua: ni mtoto anayeangukia motoni jikoni, ni jirani anayeambiwa amelogwa. Bukavu wagonjwa hao wana mlango wa kubisha, kituo cha Sosame cha Mabruda wa Upendo. Vijijini wengi hawana. Kwa hiyo serikali ya mkoa isianze kuota kofia ya Nottingham. Ianze na vidonge vya kifafa vya fenobabito visivyokosekana katika vituo vya afya, kisha na mashine za kupima umeme wa ubongo, zile alizozianzisha Berger miaka mia moja iliyopita.