Tuzo za Vijana: Asili Yake na Faida Yake



Taarifa ya mwaka huwa na hesabu ya fedha, majina ya wanakamati na orodha ya kazi zilizotimizwa. Hayo ni mambo ya lazima. Lakini chama cha ustawi wa watu hakikuundwa kwa ajili ya hesabu peke yake, bali kwa ajili ya watu, na hasa kwa ajili ya watoto wetu watakaorithi kazi hii. Kwa sababu hiyo tumeona vema kutenga kurasa chache tueleze historia ya jambo ambalo wazazi wengi huliuliza: hizi tuzo za shaba, fedha na dhahabu wanazopewa vijana zilianzaje, nazo zamfaa nini kijana?

Wako wanaosema ni mchezo wa shule za wenye nacho. Wako wanaosema ni desturi ya kigeni iliyosahauliwa hapa wenyewe walipoondoka. Na wako wanaouliza, kijana asiye na kazi atakula nishani? Maswali haya ni ya haki, wala hayafai kujibiwa kwa maneno matupu. Basi na tuanze mwanzo.

MWALIMU WA SALEM

Mwenye wazo la kwanza alikuwa mwalimu Mjerumani, Kurt Hahn, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Mwaka 1920, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na nchi yake imeshindwa, alifungua shule mahali paitwapo Salem, karibu na Ziwa Constance, kwa msaada wa Mwanamfalme Max wa Baden. Hahn aliona ya kwamba shule nyingi zilimjaza kijana maneno kichwani, zikamwacha mtupu moyoni na mikononi. Aliyahesabu maradhi ya vijana wa zama hizi kama mganga ahesabuvyo dalili za mgonjwa: miili kulegea, kwa kuwa vyombo vya kusafiria vimechukua kazi ya miguu, kukosa moyo wa kuanzisha jambo, kwa kuzoea kukaa na kutazama, kumbukumbu na fikira kudhoofu, ufundi na uangalifu kupungua, kutojitawala nafsi, na mwisho, ambao aliuona kuwa ndio ubaya mkubwa kuliko wote, huruma kupoa kwa sababu ya haraka ya maisha.

Dawa aliyoitoa ilikuwa na sehemu nne: mazoezi ya mwili, safari yenye taabu, kazi ya mikono au ya akili inayodumu, na utumishi wa kuokoa watu. Atakayezitazama tuzo za leo ataziona sehemu hizo nne zingali pale pale.

Mwalimu huyu hakuwa mtu wa maneno tu. Mwaka 1932 wafuasi wa Hitler walimwua mtu kikatili katika kijiji cha Potempa, na Hitler akawaunga mkono wauaji. Hahn aliwaandikia waliopata kusoma Salem akiwataka wachague, ama kumfuata Hitler ama kuambatana na shule yao. Mwezi wa Machi 1933 alitiwa gerezani. Alipofunguliwa alikwenda Uingereza mwaka huo huo, na mwaka 1934 akaanzisha shule ya Gordonstoun, kaskazini mwa Scotland. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza huko alikuwa kijana Philip, ambaye baadaye alimwoa Malkia Elizabeth wa Pili na kuitwa Duke wa Edinburgh. Mwaka 1936 Hahn alianzisha Beji ya Moray, iliyoitwa kwa jina la wilaya ile, ambayo kijana aliipata kwa kutimiza masharti yaliyowekwa, wala si kwa kumshinda mwenzake.

Twasimama kidogo hapa, maana jambo hili ndilo msingi wa yote. Katika mbio anashinda mmoja na wengine hurudi nyumbani mikono mitupu. Katika tuzo hizi kijana hushindana na jana yake. Mwenye mguu mbovu aweza kuipata sawasawa na mwenye mbio, maana kila mmoja hupimwa kwa bidii yake na kwa umbali aliotoka.

VITA NA MABAHARIA

Vita Kuu ya Pili ilileta ushahidi wa ajabu. Meli za biashara za Uingereza zilipokuwa zikizamishwa katika bahari ya Atlantiki, mwenye meli mmoja, Lawrence Holt, aliamini ya kwamba katika mashua za kuokolea walikufa zaidi mabaharia vijana wenye nguvu, huku wazee waliozoea tufani wakisalimika. Vijana walikuwa na misuli, ila hawakuwahi kujua ni kiasi gani cha taabu mtu aweza kuvumilia asife. Mwaka 1941 Holt na Hahn walifungua shule huko Aberdovey, katika nchi ya Wales, kuwazoeza vijana bahari na mlima kwa muda wa majuma machache. Ndiyo asili ya shule ziitwazo Outward Bound.

Vita vilipokwisha, Hahn alimsihi mwanafunzi wake wa zamani aanzishe tuzo ya taifa zima. Duke wa Edinburgh alikubali, na mwaka 1956 tuzo yenye jina lake ikaanza kwa wavulana. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa John Hunt, yule aliyeongoza safari ya mlima Everest mwaka 1953. Wengi wawakumbuka Edmund Hillary na Tenzing Norgay waliosimama kileleni. Hunt mwenyewe hakufika kileleni, bali aliwapanga na kuwachukulia mizigo wenziwe hata wawili wakafika. Twaona alikuwa mtu afaaye kwa kazi hiyo. Wasichana walipata mpango wao mwaka 1958, uliokuwa na masharti tofauti na ya wavulana, na mwaka 1969 mipango hiyo miwili ikaunganishwa kuwa mmoja.

JAMBO HILI KENYA

Nchi yetu haikuwa ngeni kwa mambo haya. Skauti walianza hapa mwaka 1910, na mwanzilishi wao, Baden-Powell, alimaliza siku zake Nyeri, akafariki Januari 1941 na kuzikwa huko. Katika miaka ya 1950 shule ya Outward Bound ilikuwa ikifanya kazi Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, swali kubwa lilikuwa la vijana. Mwaka 1964 Serikali ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mwaka 1966 Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, alizindua Tuzo ya Rais, iliyochukua mahali pa tuzo ya Duke. Masharti hayakuharibiwa, jina na mwenyewe ndivyo vilivyobadilika, na tangu hapo Rais wa nchi amekuwa ndiye mlezi wake. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Tuzo ya Rais, na kazi iliyokuwa ikiendeshwa kwa hiari ikapata msingi wa sheria. Ghana nayo ina Tuzo ya Mkuu wa Nchi, na leo mpango huu umeenea katika nchi na visiwa zaidi ya 130, kila mahali ukiwa na jina la kwao.

Kwa hiyo anayesema ni kitu cha kigeni tunamjibu ya kwamba asili yake ni ya mbali kweli, kama vile mahindi tunayopanda yalivyotoka mbali. Shamba halimwulizi mkulima mbegu imetoka wapi. Huuliza tu kama imepaliliwa.

MASHARTI YALIVYO

Tuzo zina daraja tatu. Ya shaba huanza katika umri wa miaka 14, ya fedha 15, na ya dhahabu 16, na kijana hana budi kumaliza kabla ya kutimiza miaka 25. Sehemu ni nne: huduma kwa watu, ufundi au maarifa, mazoezi ya mwili, na safari ya mashaka. Kwa shaba kijana hufanya kila moja ya sehemu tatu za kwanza kwa muda wa miezi 3, kiasi cha saa moja kila juma, kisha huongeza miezi 3 katika sehemu moja aichaguayo. Kwa fedha ni miezi 6 kila sehemu, na kwa dhahabu miezi 12. Safari huwa siku 2 na usiku 1 kwa shaba, siku 3 na usiku 2 kwa fedha, siku 4 na usiku 3 kwa dhahabu, kwa nguvu zao wenyewe na chakula mgongoni. Mwenye kutaka dhahabu huongeza siku 5 za kuishi na kufanya kazi pamoja na watu asiowajua.

Tazameni hekima iliyomo. Saa moja kwa juma ni kitu kidogo. Hata kijana anayechunga au anayeuza sokoni aweza kuipata. Lakini saa hiyo moja, ikirudiwa juma baada ya juma kwa mwaka mzima, na mvua ikinyesha, na rafiki wakiita mpirani, hujenga kitu ambacho hotuba kumi haziwezi kukijenga. Haba na haba hujaza kibaba. Kijana hujifunza kutimiza neno lake wakati hakuna anayempigia makofi.

Safari nayo ina somo lake. Kundi la vijana wakipotea njia mlimani, mwenye alama nzuri darasani huenda akanyamaza, na yule aliyedharauliwa akaisoma ramani na kuwaokoa. Hapo kila mmoja hujua jambo jipya juu ya nafsi yake na juu ya mwenzake. Na atokaye kabila moja, akila sufuria moja na wa kabila jingine, siku 4, hatarudi na zile hadithi alizosimuliwa juu ya watu wale.

JANDO NA RIKA

Wazee wetu hawatashangaa. Katika makabila mengi ya Kenya mtoto hakuwa mtu mzima kwa kuhesabu miaka, bali kwa kupitia taabu na mafundisho pamoja na wenziwe, kisha wakawa rika moja hata kufa, na rika likapewa kazi ya kulinda nchi na mifugo. Wazee walijua kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Tofauti ni mbili. Jandoni mtoto alipelekwa na ukoo, na katika tuzo kijana hujipeleka mwenyewe. Na rika lilifunga watu wa kabila moja. Tuzo yaweza kuwafunga watu wa nchi nzima.

SWALI LILILOBAKI

Lakini tusijidanganye. Malalamiko ya kwanza, kwamba hili ni jambo la shule, yana ukweli ndani yake. Vikundi vingi hukaa shuleni, kwa kuwa huko kuna mwalimu wa kusimamia na uwanja wa kuchezea. Sheria ya tuzo haimfungii nje kijana asiyesoma. Hata vijana walio katika taasisi za kurekebishwa tabia wamepata kushiriki. Anayemfungia nje ni umaskini: nauli, hema, viatu, na zaidi ya hayo, kukosa mtu mzima wa kumwandikia kitabu chake na kumwuliza kila juma, umefika wapi?

Na swali la kazi? Nishani haitamlisha mtu, nasi hatutasema uongo. Ila fundi humchukua mwanagenzi afikaye kwa wakati na asiyekimbia kazi ikiwa ngumu, na mazoea hayo ndiyo kijana ayapatayo.

Hivyo haja kubwa ni watu kuliko fedha. Mwanachama fundi wa cherehani aweza kufundisha saa moja kwa juma. Muuguzi aliyestaafu aweza kuonyesha namna ya kufunga jeraha. Mzee aijuaye njia ya mlimani aweza kutembea na vijana. Hema huazimwa, na viatu huchangwa. Saa ya mtu mzima haiwezi kuazimwa. Hutolewa na mwenyewe. Vijana wasio na shule wamo mitaani mwetu, twawajua kwa majina, na miaka yao 25 yaenda mbio. Anayeweza kutoa saa yake na ampe katibu jina lake kabla ya mkutano mkuu ujao.