Bati lilivyolishinda tembe

Ndugu msomaji, ukiingia Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, jua la saa saba mchana, itakubidi ukunje uso. Mabati yanameremeta kila upande. Lakini wazee wa hapo walizaliwa katika tembe: kuta za miti na udongo, na paa bapa la fito lililokandikwa udongo. Tembe liliwasitiri Wanyiramba, Wanyaturu na Wagogo vizazi na vizazi. Je, bati lililishindaje?

Hebu tuanze na jina, maana jina linatudanganya. Bati kwa asili ni madini meupe na laini yanayopakwa kwenye makopo na madebe. Hili tunaloezekea ni chuma kilichovikwa zinki.

Chuma kina nguvu na bei yake ni nafuu kuliko shaba, ila adui yake ni kutu. Mwaka 1829, Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, alisajili uvumbuzi wa kulikunja bamba la chuma liwe na migongo. Bamba jembamba ambalo lingelegea likawa gumu bila kuongezwa uzito. Mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki ina tabia ya mlinzi mwaminifu: bati likikwaruzwa, huanza kuliwa yenyewe, chuma kikasalimika. Debe halina mlinzi huyo. Likikwaruzwa, kutu hukimbilia chuma. Ndiyo maana walioezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa walifaidi misimu michache tu.

Na alumini je? Haishiki kutu kama chuma, na uzito wake ni kama theluthi moja tu ya chuma, lakini ni ghali. Pwani, penye hewa ya chumvi, gharama hiyo yaweza kuwa na maana. Iramba, penye hewa kavu, zinki hudumu.

Tena mabati hupangwa moja juu ya jingine, yakasafiri mbali bila kuvunjika kama vigae. Nairobi ilipoanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, ilijengwa kwa mabati. Kwetu, Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo, kwa muda mrefu bati lilikuwa la serikali, misheni na wenye maduka.

Kisha wananchi wakahamishiwa vijijini kati ya 1973 na 1976. Kujenga tembe jipya kwahitaji miti mingi, na mchwa nao hawalali.

Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu watu wanaongojea bati na saruji ilhali wana udongo wa kuchoma matofali na vigae. Alikuwa na hoja. Bati ni tanuri mchana, na mvua ikinyesha hamsikilizani ndani. Lakini akina mama wa Iramba nao walikuwa na hoja yao: maji. Paa la mita 8 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10, hupokea lita 400, yaani madebe 20. Mvua hiyo hiyo, tembe huinywa.

Basi bati lilistahili ushindi. Linalonisikitisha ni hili. Mzee mmoja wa Kiomboi alinionyesha paa lake lililotoboka kabla ya miaka saba. Aliuza mbuzi wake wote. "Mwanangu," akaniambia, "dukani waliniambia bati ni bati." Kumbe aliuziwa geji 32 kwa bei ya geji 28, naye akafurahi kuona namba imekuwa kubwa. Kwenye mabati, namba ikipanda, bati hupungua unene.

Ndugu msomaji, kabla hujauza mbuzi, uliza geji. Ulizia zinki iliyopakwa, kwa sababu hiyo ndiyo unayoinunua. Tumia misumari ya bati yenye zinki, wala usifunge waya wa shaba juu ya paa, kwani shaba huiharakisha zinki kuliwa. Wahenga walisema rahisi ghali. Yule mzee sasa anatafuta mbuzi wengine.

Tukutane wiki ijayo.