Mtunzi Asiye na Hadhira: Historia ya Mvuto wa Sanaa ya Pembezoni

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa ule ulioshamiri katika miaka ya 1970 na 1980, ulijengwa juu ya msingi kwamba mtunzi ni zao la jamii yake na kwamba kazi yake huandikwa kwa ajili ya jamii hiyo. Msingi huo una mizizi ya kale kuliko nadharia zilizouhalalisha. Katika mapokeo ya tenzi, mshairi huanza kwa kumhimidi Mungu na kuagiza karatasi na wino, na mara nyingi humaliza kwa kutaja jina lake na tarehe ya utungo. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mnamo 1858, alimjua msomaji wake wa kwanza: bintiye. Utungo ule ni wasia, na wasia hauwi wasia pasipo na mwusiwa.

Karne ya ishirini, hata hivyo, iliibua kwingineko watunzi wa namna tofauti. Hao ni watu waliotunga kwa miongo mingi bila ya kuongozwa na mwalimu, bila ya kumpelekea mhariri kazi zao na, kwa baadhi yao, bila ya kuwa na msomaji hata mmoja. Majirani waliwaona kuwa watu wa ajabu. Madaktari waliwaita wagonjwa. Leo kazi zao zinahifadhiwa katika makumbusho mashuhuri na maisha yao yanasimuliwa katika vitabu na filamu.

Makala haya yanachunguza jinsi watunzi hao walivyopata kupendwa. Hoja inayotetewa ni kwamba mvuto wao haukuzuka wenyewe; ulijengwa na madaktari, wasanii na wahakiki kwa hatua zinazoweza kutajwa kwa miaka yake. Aidha, inadaiwa kwamba kadiri maisha ya mtunzi yanavyovutia, ndivyo matini yake yanavyoelekea kuachwa bila kusomwa. Mifano mitatu itatumiwa: Adolf Wölfli wa Uswisi, Henry Darger wa Marekani na Frédéric Bruly Bouabré wa Côte d'Ivoire. Wote watatu hujulikana zaidi kwa michoro yao, lakini wote walikuwa pia waandishi, na kwa sababu hiyo wanamhusu mhakiki wa fasihi.

Kutoka Dalili hadi Sanaa

Hadi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, michoro na maandishi ya wagonjwa wa akili barani Ulaya yalihifadhiwa, pale yalipohifadhiwa, kama dalili za maradhi. Daktari aliyatazama kwa nia ya kumjua mgonjwa, si kuijua kazi. Mtazamo huo ulitikiswa na vitabu viwili vilivyofuatana. Mwaka 1921 Walter Morgenthaler, daktari katika hospitali ya Waldau karibu na Bern, alichapisha kitabu kizima kuhusu mgonjwa mmoja, Wölfli, akamwita msanii na kumtaja kwa jina lake halisi. Mwaka uliofuata Hans Prinzhorn, daktari na mwanahistoria wa sanaa huko Heidelberg, Ujerumani, alitoa utafiti uliotokana na maelfu ya kazi zilizokusanywa kutoka hospitali mbalimbali, na akawateua watu kumi aliowaona kuwa mabingwa. Yeye aliwaficha nyuma ya majina ya kubuni.

Tofauti hiyo ya majina si jambo dogo. Bingwa mmoja aliyeitwa Pohl katika kitabu cha Prinzhorn alikuwa, kwa hakika, Franz Karl Bühler, fundi stadi wa kufua chuma aliyewahi kuufundisha ufundi huo kabla ya kuugua. Wanazi walipotwaa mamlaka, waliziingiza kazi kutoka mkusanyo wa Heidelberg katika maonyesho ya kuidhihaki sanaa ya kisasa yaliyoanza mwaka 1937 na kuzungushwa mijini. Mtazamaji alitakiwa aamini kwamba msanii wa kisasa na mwendawazimu ni mamoja. Mwaka 1940 Bühler aliuawa huko Grafeneck, katika mpango wa serikali wa kuwaangamiza wagonjwa na walemavu. Kwa hiyo swali la iwapo kazi ya mtu wa namna hii ni sanaa au ni dalili tupu halikuwa mjadala wa ukumbi wa mihadhara tu. Waliolijibu kwa dharau walikuwa pia na uwezo wa kuua.

Baada ya vita, mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet aliligeuza swali lenyewe. Kuanzia 1945 alikusanya kazi za wagonjwa, wafungwa, wapweke na watu waliodai kuongozwa na mizimu, akaziita sanaa ghafi. Kwake yeye, sanaa ya shule na makumbusho ilikuwa mwigo uliochoka, na ubunifu halisi ulipatikana kwa wale ambao utamaduni rasmi haukuwagusa. Taifa lenyewe lilianza kuufuata mkondo huo. Mwaka 1969 waziri André Malraux aliitia katika orodha ya majengo ya kulindwa kasri ya mawe ambayo Ferdinand Cheval, tarishi wa posta wa Hauterives, aliijenga kwa mikono yake kwa miaka 33, kati ya 1879 na 1912. Mwaka 1972 mhakiki Mwingereza Roger Cardinal alichapisha kitabu kilichoipa dhana hii jina la Kiingereza ambalo hapa linafasiriwa kuwa sanaa ya pembezoni. Mwaka 1976 mkusanyo wa Dubuffet ulifunguliwa kwa umma mjini Lausanne.

Miaka hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, na nadharia ya fasihi ikajitahidi kuitenga matini na wasifu wa aliyeiandika. Miaka mitano baadaye, kwa kitabu cha Cardinal, ilipata jina tawi la sanaa ambalo haliwezi kufafanuliwa bila ya wasifu. Haiwezekani kutambua kazi ya pembezoni kwa kuitazama fani yake peke yake. Ni lazima mtu aambiwe kwanza ni nani aliyeitunga, aliishi vipi, na alikosa mafunzo gani. Mwandishi aliyefukuzwa mlangoni alirejea kwa dirishani, safari hii akiwa mkubwa kuliko kazi yake.

Adolf Wölfli: Maisha Yaliyoandikwa Upya

Wölfli alizaliwa mwaka 1864 katika umaskini, akawa yatima akiwa mtoto, na akatumikishwa katika mashamba ya watu. Alipokuwa mtu mzima alifungwa kwa kujaribu kuwanajisi wasichana wadogo, na mwaka 1895 akaingizwa Waldau, alikobaki hadi alipofariki mwaka 1930. Ukweli huu haupaswi kupunguzwa makali kwa sababu tu mtu huyo alitunga, wala haupaswi kuwa ndiyo maana pekee ya alichotunga.

Kuanzia 1908 Wölfli aliandika simulizi iliyoenea katika kurasa zipatazo 25,000, zenye nathari, mashairi, michoro na nota za muziki. Morgenthaler anaeleza kwamba kila Jumatatu mgonjwa huyo alipewa penseli mpya na karatasi mbili kubwa, na kwamba penseli ilimwishia kabla wiki haijafika mbali. Katika sehemu ya kwanza ya simulizi, utoto wa dhiki unafutwa na kuandikwa upya: yatima wa Bern anakuwa mtoto msafiri anayeizunguka dunia pamoja na jamaa zake, akipima milima, akihesabu miji. Baadaye msimulizi anainunua dunia, anaipa majina mapya na kujitawaza mtakatifu. Sehemu ya mwisho, ambayo kifo kiliikatiza, ni maombolezo ya maelfu ya kurasa ambamo hadithi inapungua hatua kwa hatua na kubaki mapigo ya sauti, vina na urari.

Msomaji aliyelelewa katika arudhi atalitambua jambo hili bila ya kuhitaji daktari. Vina vinavyorudiwa hadi vikaitawala maana ni tatizo la kifani, na mshairi yeyote hulikabili. Wölfli alilifikisha mahali ambapo washairi wengi hawathubutu kufika, lakini njia aliyoipita ni ya ushairi. Kuiita mapigo hayo dalili ni kuacha uhakiki kabla haujaanza.

Henry Darger: Kurasa Zisizosomwa

Darger, aliyezaliwa Chicago mwaka 1892, anaonyesha tatizo hili kwa uwazi zaidi. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka minne. Baba alipodhoofika, Darger alipelekwa katika makao ya Kikatoliki na hatimaye katika taasisi ya watoto walioitwa punguani mjini Lincoln, Illinois. Alitoroka akiwa kijana, akarudi Chicago, na kwa zaidi ya miaka hamsini akafanya kazi za ufagizi na uoshaji vyombo katika hospitali. Alihudhuria misa kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa 1972 alihamia makao ya wazee, na mwenye nyumba, mpigapicha Nathan Lerner, akakuta chumbani mwake kazi ambayo hakuna aliyeijua. Darger alifariki Aprili 1973.

Kazi hiyo ni riwaya ya kurasa 15,145 zilizopigwa taipu, inayosimulia vita virefu kati ya mataifa ya Kikristo na taifa linalowafanya watoto kuwa watumwa. Mashujaa wake ni dada saba. Iliandamana na mamia ya michoro, mingine yenye urefu wa mita kadhaa, iliyotengenezwa kwa kunakili picha za watoto kutoka magazetini, vibonzo na matangazo. Darger aliacha pia tawasifu ambayo, baada ya kurasa 206 za maisha yake, inageuka kuwa masimulizi ya tufani kwa maelfu ya kurasa.

Michoro hiyo ilianza kuonyeshwa hadharani Chicago mwaka 1977, na sifa zake zimekua tangu hapo. Mwaka 2022 jamaa za mbali za Darger walikwenda mahakamani kudai urithi, ishara kwamba alichokiacha mfagizi kimekuwa mali. Riwaya, kwa upande wake, haijachapishwa yote, na waliosoma zaidi ya vipande vyake ni wachache mno. Picha hutazamwa kwa dakika. Riwaya ya kiasi kile hudai sehemu ya umri wa mtu. Hivyo umma umechukua kisa cha mpweke na michoro yake, ukaiacha kazi aliyoitumikia tangu ujana wake.

Kilichoachwa si kidogo. Darger alisoma vitabu vya Oz vya L. Frank Baum, riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu utumwa, na historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Athari za matini hayo zimo katika riwaya yake, na hivyo dai la Dubuffet kwamba mtunzi wa aina hii hakuguswa na utamaduni halisimami. Lipo pia suala la mwisho wa hadithi. Darger aliandika miisho miwili: katika mmoja Wakristo wanashinda, katika mwingine wanashindwa. Mwandishi aliyeamini sana, na ambaye utotoni alishuhudia watoto wasio na mtetezi, alikataa kuamua iwapo haki hutendeka duniani. Hilo ni swali la kimaudhui lenye uzito sawa na lolote linalojadiliwa katika riwaya zinazofundishwa vyuoni, na haliwezi kuonekana na mtu aliyesoma wasifu peke yake.

Frédéric Bruly Bouabré: Pembezoni mwa Nani?

Mfano wa tatu unaitia dhana yenyewe mashakani. Bruly Bouabré alizaliwa katika miaka ya 1920 miongoni mwa Wabété wa Côte d'Ivoire, akawa karani katika utawala wa kikoloni wa Ufaransa. Tarehe 11 Machi 1948, akiwa Dakar, alipata maono ambayo aliyahesabu kuwa mwanzo wa utume wake. Alibuni mfumo wa maandishi wenye alama zaidi ya 400 za silabi, zilizotokana na vitu na vitendo vya maisha ya Wabété, ili lugha yao iandikwe bila ya kuazima herufi za mkoloni. Mwaka 1958 mtaalamu Mfaransa Théodore Monod alichapisha taarifa kuhusu mfumo huo. Baadaye Bruly Bouabré alitengeneza michoro mingi kwenye vipande vya kadi vidogo, kila kimoja kikizungukwa na maandishi. Maonyesho makubwa ya Paris ya 1989 yalimpa umaarufu wa kimataifa. Alifariki mwaka 2014.

Mara nyingi amewekwa katika kundi moja na Darger na Wölfli, kwa kuwa hakupitia shule ya sanaa na alidai kupata maono. Hata hivyo hadhira yake ilikuwepo tangu siku ya kwanza: ni watu wake, na lengo lake lilikuwa kuhifadhi maarifa yao. Alikuwa pembezoni mwa Paris. Hakuwa pembezoni mwa Wabété. Jina la pembezoni, basi, hueleza mahali aliposimama mtazamaji kabla ya kueleza mahali aliposimama mtunzi.

Hitimisho

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo inatosha kumstahi mtu mwenye mwenendo wa ajabu, lakini haitoshi kuwa uhakiki. Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba watunzi hawa walipitia mikono mingi: daktari aliyetafuta maradhi, mtawala aliyetafuta kisingizio, msanii aliyetafuta silaha dhidi ya shule, na soko lililotafuta bidhaa. Kila mmoja aliwapenda au kuwachukia kwa sababu zake, na wachache walisoma.

Mvuto wa kazi hizi si wa uongo. Mtu anayetunga maisha yake yote bila ya kutarajia sifa humkumbusha kila mwandishi jambo ambalo masharti ya uchapishaji humsahaulisha. Lakini mhakiki anayeishia kwenye kustaajabu hajamtendea haki mtunzi. Wajibu wake ni kumtaja kwa jina, kuyasoma matini kwa vigezo vya fani na maudhui, na kuyarejesha katika mazingira yaliyoyazaa.

Inasemekana kuwa Darger hakumwandikia yeyote. Hata hivyo riwaya yake aliipa anwani ndefu, akaigawa katika majuzuu, na baadhi ya majuzuu hayo akayajalidi kwa mikono yake. Hakuna anayejalidi kitabu pasipo kufikiria kwamba kuna siku kitafunguliwa.