Gharama ya Umri Mzima: Betri Ipi ya Bajaji ni Nafuu?

Mtu anayenunua bajaji ya umeme huulizia kwanza bei ya betri, na muuzaji humtajia bei ya dukani. Wahandisi hutumia kipimo kingine, ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita gharama ya umri mzima: fedha zote utakazotoa kwa ajili ya kifaa tangu siku ya kukinunua hadi siku ya kukiuza chakavu, zikigawanywa kwa kazi yote iliyofanyika. Kwa betri, kazi hiyo huhesabiwa kwa yuniti zilizotoka ndani yake, zilezile tunazonunua kwa LUKU.

Wapo wanaoandika “gharama za maisha ya betri”, lakini gharama za maisha zina maana yake tayari: unga, kodi ya nyumba, nauli, ada ya shule. Msomaji atapotea. Wengine husema “gharama ya umiliki”. Hii nayo inapwaya pale dereva asipomiliki betri, kama ilivyo kwenye mtindo wa kubadilishana betri ambao kampuni ya Ampersand iliuanzisha Kigali: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unalipia. Gharama ya umri mzima ya betri ile imo ndani ya malipo yako ingawa betri si yako. Neno “umri” linabeba hali zote mbili, na mafundi wetu hawalioni geni, maana kwao betri huzeeka na hufa.

Umri huo una hesabu mbili. Ya kwanza ni miaka. Ya pili ni mizunguko, yaani mara ngapi betri imejazwa na kutumiwa. Ile inayotangulia kufika ukomo ndiyo inayoiua betri. Ukisahau mojawapo, hesabu yako yote inaharibika.

Tuzitazame aina zenyewe. Kongwe kuliko zote ni ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Vijijini inajulikana kama betri ya maji, na wengi wameizoea kupitia N70 za kuwashia taa na redio. Ni nzito, na haipendi kukaushwa: ukitumia zaidi ya nusu ya ujazo wake kila siku, unaifupishia umri. Kwa kawaida hutoa mizunguko 300 hadi 500. Ya pili ni ya lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti, ambayo kwenye lebo huandikwa NMC. Ni nyepesi kwa umeme inaobeba, ndiyo maana magari ya masafa marefu huipenda, lakini kobalti ni ghali, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Ya tatu ni ya lithiamu, chuma na fosfeti, LFP, iliyotokana na utafiti wa kundi la John Goodenough huko Texas miaka ya 1990. Haina kobalti wala nikeli, inavumilia joto kuliko NMC, na hufikisha mizunguko 2,000 au zaidi. Kwa bajaji inayozunguka karibu na nyumbani, wepesi wa NMC hauna faida kubwa, kwa hiyo mashindano yamebaki kati ya betri ya maji na LFP.

Tumweke dereva kwenye kata ya Sola, wilayani Maswa, mkoani Simiyu (Sola ni jina la kata, si paneli), kwa bei za mfano tu. Betri ya maji yenye ujazo wa yuniti 4 anainunua kwa shilingi 1,200,000. Anatumia nusu tu, yuniti 2 kwa mzunguko, kwa mizunguko 400: jumla yuniti 800. Ikifa anaiuza chakavu kwa 300,000, hivyo imemla 900,000, sawa na shilingi 1,125 kwa yuniti. LFP ya ujazo uleule anainunua kwa 3,000,000. Anatumia yuniti 3.2 kwa mzunguko, kwa mizunguko 2,000: yuniti 6,400, yaani shilingi 469 kwa yuniti. Bado umeme wenyewe. Yuniti ikiwa shilingi 300, betri ya maji inayorudisha robo tatu ya unachoiingizia inafanya kila yuniti inayotoka igharimu 400. LFP inayorudisha asilimia 95 inaifanya 316. Jumla ni 1,525 dhidi ya 785. Iliyoonekana ghali dukani imekuwa karibu nusu ya gharama.

Lakini hesabu hiyo ni ya dereva anayechaji kila siku. Mwenzake anaitoa bajaji msimu wa pamba tu, kuanzia Mei masoko yanapofunguliwa, na kwa mwaka anafikisha mizunguko 50. Huyu miaka itamfikia kabla ya mizunguko. Tuseme betri ya maji inaishi miaka 4: mizunguko 200, yuniti 400, shilingi 2,250 kwa yuniti. LFP inaishi miaka 10: mizunguko 500, yuniti 1,600. Kama ameinunua kwa mkopo na riba ikafika 900,000, fedha alizotoa ni 3,900,000, sawa na 2,438 kwa yuniti. Ukiongeza umeme, betri ya maji ni 2,650 na LFP ni 2,754. Sasa betri ya maji imeshinda, japo kwa kidogo, na kwa sharti kwamba ikikaa ichajiwe mara kwa mara. Ikiachwa tupu, sahani zake hushika ukoko mweupe na haishiki chaji tena.

Matunzo nayo yamo kwenye hesabu. Betri ya maji ya volti 12 ina vizibo sita, na chini ya kila kizibo sahani za risasi zinatakiwa zifunikwe na asidi. Joto hukausha maji, na linalozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 hivi hukata umri wa betri karibu nusu. Anayeongeza maji ya kisima badala ya maji ya betri anaingiza chumvichumvi zinazokula sahani.

Kuna gharama nyingine ambayo mwenye bajaji haioni. Betri chakavu ina bei kwa sababu risasi yake huyeyushwa upya, na ikiyeyushwa ovyo majirani ndio wanaolipa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo mwaka 2024. Bei ya chakavu niliyoitoa hapo juu, zile 300,000, haina hata senti ya gharama ya namna hiyo.

Kwa hiyo muuzaji akisema betri yake ni nafuu, mnunuzi amuulize mambo manne: inatoa yuniti ngapi kwa mzunguko bila kuumia, mizunguko mingapi, miaka mingapi, na ikifa nani anaichukua. Kisha ajiulize mwenyewe la tano, ambalo muuzaji hawezi kumjibia: kwa mwaka nitaichaji mara ngapi?